Sangara na dagaa: Nani anakula faida ya mwenzake?

MFANYABIASHARA anayefika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, hukuta kila bidhaa imekaa kivyake. Dagaa wakavu wamefungwa kwenye viroba wakisubiri malori ya Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na Kongo. Sato wana wachuuzi wao na wateja wao wa mahotelini. Sangara wazuri hata hawafiki hapo. Huchukuliwa visiwani na mawakala, wakawekwa kwenye barafu na kupelekwa viwandani kukatwa minofu. Kila mmoja ana daftari lake, bei yake na mkopo wake.

Ziwani hakuna mpangilio wa namna hiyo. Humo sangara anamla dagaa, anamla furu, anamla sato mdogo na, akikosa, anamla hata mtoto wake mwenyewe. Kila kilo ya mnofu inayosafirishwa kwenda Ulaya imejengwa kwa kilo kadhaa za samaki wengine na uduvi, na baadhi ya samaki hao wangeweza kuuzwa Kirumba.

Swali ambalo msomaji wa ukurasa huu anapaswa kujiuliza kabla ya kuweka fedha zake kwenye mtumbwi, nyavu au ghala ni hili: je, mwenye mtumbwi wa sangara na mwenye karabai ya dagaa ni washirika au ni wapinzani? Jibu linabadilika kulingana na hali ya ziwa, na ndiyo maana Serikali tatu zinazolimiliki zimeshindwa kwa muda mrefu kuweka kanuni moja inayomridhisha kila mtu.

Mwandishi wa makala haya hana budi kukiri mapema kuwa si mtazamaji tu. Mwaka mmoja baada ya kumaliza shahada ya biashara, yeye na binamu zake wawili walichanga fedha na kununua injini ya mtumbwi wa sangara katika mmoja wa mialo ya Sengerema. Hesabu zilipigwa vizuri sana kwenye karatasi. Tutairudia injini hiyo baadaye.

Mtaji uliogeuzwa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 68,800. Tanzania inamiliki asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Kabla ya sangara, sehemu kubwa ya uzito wa samaki waliokuwamo ilikuwa ni furu, samaki wadogo wenye aina zinazokadiriwa kufikia 500, ambazo nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kwa mlaji, furu walikuwa kitoweo cha bei nafuu chenye miiba mingi. Kwa mwenye kiwanda walikuwa malighafi. Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha unga wa samaki hapo Mwanza, kikitegemea furu waliovuliwa kwa matrola. Haukupita muda mrefu kiwanda hicho kikabaki bila malighafi yake.

Sangara aliletwa kutoka nje ya ziwa. Inaelezwa kuwa alianza kupandikizwa upande wa Uganda mwaka 1954, na wengine wakaongezwa mwaka 1962 na 1963. Hoja ya waliomleta ilikuwa ya kibiashara kabisa: furu ni wengi lakini hawana thamani, basi aletwe samaki mkubwa awale na kuwageuza kuwa nyama inayouzika. Waliopinga walionya kuwa mlaji mkubwa hawezi kuchaguliwa chakula. Kwa miaka ishirini hivi halikutokea jambo la kutisha. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa upande wa Kenya na katikati ya miaka ya 1980 kwa upande wetu, sangara wakafumuka.

Matokeo yake ni moja ya mageuzi makubwa ya mizania kuwahi kuonekana katika uvuvi wa maji baridi. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima walikuwa wastani wa tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kama tani 500,000. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, Jinja, Mwanza, Musoma na Bukoba. Fedha za kigeni zikaanza kuingia, halmashauri zikapata ushuru, na vijana ambao hawakuwa na shamba wakapata ajira ziwani.

Upande wa pili wa daftari, aina zipatazo 200 za furu zinaaminika kuwa zilipotea au zilipungua kiasi cha kutoonekana tena. Kinamama waliokuwa wakianika furu juani na kuwauza vijijini walijikuta wana samaki mwenye mafuta mengi ambaye haaniki. Alihitaji kukaangwa au kubanikwa kwa kuni, na kuni zikakatwa kwenye visiwa na kando ya ziwa. Viwanda vilipoimarika, sangara mwenyewe alipanda bei kuliko uwezo wao, na wengi wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya mnofu kuondolewa.

Je, faida ilizidi hasara? Kwa shilingi, bila shaka. Lakini mhasibu makini angeuliza kama shilingi hizo zilikuwa gawio au ni mtaji wenyewe uliokuwa ukiuzwa.

Hesabu za mdomo wa sangara

Wataalamu wa samaki hutumia kanuni ya jumla kwamba mlaji anahitaji takriban kilo kumi za chakula ili kujenga kilo moja ya mwili wake. Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu, ili msomaji aone jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme kilo ya sangara mwaloni ni Sh. 6,000 na kilo ya dagaa wabichi ni Sh. 1,000.

Kama kilo zote kumi alizokula sangara zingekuwa dagaa, tungekuwa tumetoa mali ya Sh. 10,000 ili kupata mali ya Sh. 6,000. Katika hali hiyo mwenye karabai angekuwa na haki ya kudai sangara wote wavuliwe waishe. Lakini sangara hali dagaa peke yake. Anakula uduvi wadogo wa ziwani, ambao hawana soko la maana, anakula furu, na anakula watoto wa sangara. Tukichukua kwamba kati ya kilo kumi dagaa ni kilo tatu tu, hasara ni Sh. 3,000 na pato ni Sh. 6,000. Hapo sangara ni kiwanda kinachogeuza uduvi usiouzika kuwa fedha, na kumvua amalizike ni kuvunja kiwanda.

Sasa tuchukulie furu wameisha na uduvi wamepungua, na dagaa wamekuwa kilo nane kati ya kumi. Hasara imefika Sh. 8,000 na kiwanda kinafanya kazi kwa hasara. Na hapo bado kuna jambo la kuongeza: si kila dagaa anayeachwa na sangara atavuliwa. Ikiwa nusu yao wangekufa kwa sababu nyingine bila kufika kwenye wavu, hasara halisi ni Sh. 4,000, na sangara anarudi upande wa faida.

Kwa maneno mengine, hakuna jibu moja la kudumu kwa swali la ni sangara wangapi waachwe ziwani. Linategemea wanakula nini mwaka huo, bei mbili zinasimama wapi, na wavuvi wa dagaa wana uwezo gani wa kuvua kile kinachoachwa. Kanuni za uvuvi kwa kawaida huandikwa kana kwamba kila samaki anaishi peke yake: ukubwa huu kwa sangara, wavu huu kwa dagaa, sentimeta hizi kwa sato. Kila kanuni ina mantiki yake. Tatizo ni kwamba zikijumlishwa hazitoi jumla yenye maana, kwa sababu haiwezekani kuvuna kiwango cha juu kabisa cha mlaji na cha mliwaji kwa wakati mmoja kutoka kwenye maji yaleyale.

Ushahidi kwamba mahesabu haya si ya darasani tu uko Mwanza kwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kufuatilia furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na wakashuhudia wakitoweka. Katika miaka ya 1990, sangara walipokuwa wakivuliwa kwa nguvu, baadhi ya aina za furu zilianza kuonekana tena kwa wingi, hasa zile zinazokula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Waliorudi ni wachache kwa aina kuliko walioondoka, lakini kwa uzito walikuwa wa kutosha kiasi kwamba sangara akarejea kuwala. Dagaa nao waliongezeka kwenye mizani. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mavuno ya ziwa zima yamekuwa yakikaribia tani milioni moja kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni dagaa.

Anayeangalia tani tu atasema ziwa limestawi. Anayeangalia thamani ataona kuwa tani zimehamia kwenye samaki wa bei ya chini. Anayeangalia sahani ya mwananchi wa kawaida atasema afadhali iwe hivyo, maana dagaa ndiye protini ambayo familia ya kipato cha chini inaimudu kuanzia Kigoma hadi Lubumbashi. Wote watatu wana hoja, na hapo ndipo utata wa kusimamia ziwa ulipo.

Kwa nini hakuna anayengoja

Mwaka uleule wa 1954 ambao sangara anatajwa kuingia ziwani, mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alichapisha makala iliyokuwa msingi wa uchumi wa uvuvi. Hoja yake mfanyabiashara yeyote wa soko huria ataielewa. Mahali ambapo samaki si mali ya mtu, kila mwenye mtumbwi ataendelea kuingia ziwani hadi faida yote iliyozidi gharama imekwisha. Wakati huo samaki watakuwa wachache, mitumbwi mingi, na kila mmoja akirudisha gharama zake tu.

Takwimu za ziwa letu zinakwenda njia hiyo. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000 ilihesabu wavuvi wapatao 129,000 na mitumbwi zaidi ya 42,000 katika nchi zote tatu. Kufikia mwaka 2014 wavuvi walikuwa wamevuka 200,000. Injini ziliongezeka kuliko mitumbwi, kwa sababu samaki wa karibu walipungua na safari zikawa ndefu. Uchunguzi wa wingi wa sangara kwa kutumia mawimbi ya sauti ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1999 na 2008 walipungua kwa zaidi ya nusu.

Hebu tumwangalie sangara wa sentimeta 30. Uzito wa samaki hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu wake, kwa hiyo akiachwa afike sentimeta 60 uzito wake unakuwa kama mara nane. Maana yake, katika kila sangara wadogo wanane wanaoachwa, hata akipona mmoja tu mvuvi hajapoteza kilo. Na kilo hiyo ina bei nzuri zaidi, kwa sababu kiwanda kinaipokea na ndani yake kuna bondo kubwa linalotafutwa na wanunuzi wa soko la China. Hakuna akaunti ya benki hapa nchini inayolipa riba ya namna hiyo.

Kwa nini basi sangara wadogo wanauzwa kila siku kwenye mialo? Kwa sababu faida ya kungoja haimfikii aliyengoja. Sangara niliyemwacha leo Sengerema atavuliwa kesho na mtu wa Ukerewe au wa Kalangala. Aidha, mwenye mtumbwi wa mkopo anadaiwa mafuta leo. Wakala aliyemkopesha nyavu anataka samaki wa wiki hii. Mambo mengi yanayolaumiwa kuwa ni ujinga wa wavuvi ni hesabu sahihi kabisa kwa mtu aliye katika nafasi hiyo.

Kanuni zilijaribu kuziba pengo hilo. Kwa miaka mingi nchi tatu zilikubaliana kuwa viwanda vipokee sangara wa kati ya sentimeta 50 na 85: wadogo waachwe wakue na wakubwa waachwe wazae. Makokoro yalipigwa marufuku, matrola yaliondolewa, na nyavu za nailoni za uzi mmoja, maarufu kama timba, zikakatazwa. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, lilipewa kazi ya kuoanisha kanuni hizo. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni, maarufu kama BMU, vilianza kuundwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990.

Soko nalo lilitoa somo lake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama, bei mialoni ikaanguka, na wenye mitumbwi wakashuhudia kwamba kosa la mvuvi mmoja lingeweza kulipiwa na nchi tatu. Usafi na ukaguzi uliboreshwa haraka kuliko kanuni yoyote ya hifadhi ilivyowahi kutekelezwa, kwa sababu safari hii aliyekuwa akihukumu alikuwa mnunuzi.

Njia ya nguvu imejaribiwa pia. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, na hapa kwetu operesheni ya mwaka 2018 iliteketeza nyavu nyingi zilizoonekana haramu. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba operesheni hizo hazikuwa na sababu. Ila ni vema ikumbukwe nani alilipa: wavu ukichomwa, deni la wavu halichomwi. Mvuvi aliyebaki na deni bila wavu alirudi ziwani usiku na wavu mbaya zaidi, kwa sababu huo ndio aliomudu kuununua.

Wavu wa dagaa ndio mgogoro

Mahali ambapo samaki hawa wawili wanagongana waziwazi ni kwenye matundu ya wavu wa dagaa. Wavu wa milimeta 10 huwaachia dagaa wachanga. Wavu wa milimeta 8 huvua zaidi, na wenye matundu madogo kuliko hapo huvua kila kitu, wakiwamo watoto wa sangara, sato na furu, hasa ukitupwa karibu na ufukwe. Kwa mwenye karabai, hao ni uzito tu kwenye ndoo. Kwa mwenye mtumbwi wa sangara, ni wateja wa injini yake wa mwaka kesho.

Kinyume chake nacho ni kweli. Wavuvi wa sangara wanaotumia ndoana wanahitaji chambo, na chambo chenyewe ni furu na kambale wadogo. Hapo mvuvi wa sangara anavua chakula cha sangara ili amvue sangara.

Kenya ilichagua kufunga uvuvi wa dagaa kwa miezi minne kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Nia ni njema, lakini dagaa ni samaki wa maisha mafupi. Huzaa mapema na huzaliana kwa kasi, na wataalamu wengi wanaona anastahimili uvuvi mkubwa kuliko sangara. Kumfungia dagaa huku sangara akiendelea kuvuliwa mwaka mzima kunaweza kumlinda yule asiyehitaji ulinzi zaidi. Ila mvua za masika huangukia humohumo, dagaa waliomwagwa mchangani wanaoza kabla ya kukauka, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo hapotezi sana kama inavyodhaniwa. Anayepoteza ni mwenye kiwanda cha chakula cha kuku, maana sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili haiishii kwenye sufuria bali kwenye mifuko ya chakula cha mifugo.

Na sasa ameingia mteja mwingine: sato wa vizimba. Ufugaji huo umeenea kwa kasi pande zote za ziwa, na hapa Tanzania Serikali imetoa mikopo nafuu ya boti na vizimba. Ni hatua nzuri kwa kupunguza msongamano wa wavuvi. Lakini chakula bora cha samaki kinahitaji protini, na protini ya karibu na ya bei nafuu ni dagaa. Mwekezaji wa kizimba anaweza kudhani ametoka kwenye uvuvi, kumbe amehamia tu upande wa mnunuzi.

Wanaofanya vizuri zaidi

Nchi zilizojaribu kuwahesabu mlaji na mliwaji pamoja si nyingi. Mfano unaotajwa sana ni Bahari ya Barents, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako Norway na Urusi huvua chewa na samaki mdogo aitwaye kapelini, ambaye ni chakula cha chewa. Katikati ya miaka ya 1980 kapelini walianguka. Chewa wakakonda na kuanza kulana, ndege wa baharini wakafa kwa wingi, na sili wenye njaa wakavamia pwani ya Norway na kunasa kwenye nyavu. Baada ya somo hilo, nchi hizo mbili zilikubaliana kuwa kabla ya kugawa kibali cha kapelini, kwanza likadiriwe fungu litakaloliwa na chewa, kisha iwepo hakika ya asilimia 95 kwamba tani 200,000 za wazazi zitabaki kutaga. Kinachozidi hapo ndicho cha mvuvi. Kisipozidi, mwaka huo hakuna kibali, na imetokea mara kadhaa.

Msomaji ataona kwamba huko chewa anachukuliwa kama mdai wa kwanza katika mufilisi: analipwa kabla ya wenye hisa. Australia nayo, katika uvuvi wake wa kamba wa kaskazini, ililenga kiwango kinachotoa faida kubwa badala ya kile kinachotoa tani nyingi, na meli zikapunguzwa ili zilizobaki zipate faida ya kweli.

Si rahisi kuyahamisha hayo Ziwa Victoria. Barents ina nchi mbili na meli zinazohesabika. Sisi tuna nchi tatu, mialo zaidi ya elfu moja na wavuvi ambao wengi hawana kazi nyingine ya kurudia. Kumwambia kijana wa kisiwa cha Kome akae nje mwaka mmoja ili sangara akue, bila kumweleza atakula nini, si mpango wa uchumi.

Aidha, wapo wataalamu wasiokubali kwamba uvuvi ndio chanzo kikuu cha tatizo. Mtafiti Jeppe Kolding na wenzake walihoji kuwa rutuba inayomiminika ziwani kutoka mashambani na mijini, inayozalisha mwani mwingi na kumaliza hewa ya oksijeni kwenye vina, ni tishio kubwa zaidi kwa sangara kuliko nyavu. Wanahoji pia kuwa kuvua kidogokidogo kwa kila aina na kila ukubwa kunaweza kudhuru uwiano wa ziwa kidogo kuliko kuwaandama wakubwa peke yao. Kama wako sahihi, baadhi ya kanuni zetu zinamwadhibu mtu asiye na kosa. Mwandishi anaona hoja hiyo ina uzito kwa dagaa, ambaye anavumilia. Kwa sangara, idadi ya injini ziwani bado inamtia wasiwasi.

Wa kuangalia nini

Mwenye fedha zake asisubiri wataalamu wakubaliane. Dalili ziko mwaloni. Bei ya sangara peke yake inaweza kudanganya, kwa sababu hupanda samaki wanapokuwa adimu na mwenye mtumbwi akadhani biashara imenoga. Kipimo kizuri zaidi ni kilo kwa kila lita ya petroli, na urefu wa samaki wa kawaida kwenye mizani ya wakala. Sangara wakipungua urefu huku bei ikipanda, ni mtaji unaoliwa. Dagaa na furu wakijaa ghafla mahali ambapo sangara walikuwa wengi, mwenye karabai atafurahi, lakini mwenye hisa kwenye kiwanda cha minofu aulize maswali. Kiwanda kinachopunguza siku za kazi hakifanyi hivyo kwa sababu ya hali ya Ulaya tu.

Kuhusu ile injini: mwaka wa kwanza ililipa. Mwaka wa pili safari zilirefuka, mafuta yakala zaidi ya theluthi mbili ya mauzo, na samaki waliokuwa wakishushwa walikuwa wafupi kiasi kwamba wakala wa kiwanda alikuwa akikataa karibu nusu yao. Hao waliuzwa usiku kwa bei ya kutupa. Sisi wenyewe tulikuwa tunavua wanane kwa bei ya mmoja, na mwandishi, pamoja na shahada yake, aliziona hesabu hizo baada ya hasara.

Tuliiuza injini. Binamu mmoja alichukua sehemu yake na kununua taa za sola na wavu wa dagaa. Dukani aliwekewa mezani nyavu mbili, ya milimeta 10 na nyingine ndogo zaidi ambayo muuzaji aliitoa chini ya meza na kuisifu kuwa hairudishi kitu majini. Alinipigia simu kuuliza achukue ipi. Nilimwambia ya milimeta 10. Aliniuliza kama jirani zake wa mwaloni nao wanatumia hiyo, na hapo sikuwa na jibu la kumpa. Alinunua ya milimeta 10, na hadi makala haya yanakwenda mitamboni bado anaitumia.